Mshahara wa Mgodi Uliponunua Picha

Takriban picha mia moja zinazosimulia historia ya Kongo, tangu wafalme wa kale hadi utawala wa Mobutu, zimo Amsterdam. Alizichora Tshibumba Kanda Matulu, mtoto wa Élisabethville (Lubumbashi ya leo) aliyezaliwa mwaka 1947. Alizichora kati ya 1973 na 1974, juu ya vitambaa vya magunia ya unga, kisha akaketi na Johannes Fabian, profesa aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, akamweleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Katanga huku kinasa sauti kikizunguka. Mwaka 1996 Fabian alitoa kitabu chenye picha hizo pamoja na maneno ya mchoraji. Hakuna aliyeweza kumpelekea Tshibumba nakala. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hajulikani alipo.

Watu wa mbali wakimtaja humwona kama mtu wa pekee, aliyezuka tu. Sisi tuliolelewa kwenye sité, yaani mitaa ya wafanyakazi wa migodi, tunajua kwamba hakuwa pekee. Miji yote ya shaba, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, ilikuwa na wachoraji wa namna yake, na walikula kwa kazi hiyo. Nani aliwalipa? Hilo ndilo swali linalonijia kila ninaposikia kwamba shirika fulani linatafuta miradi ya sanaa ya jamii ya kufadhili huku mkoani Lualaba. Waliolipa wakati ule ni baba zetu.

Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni hiyo ilipotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, utaratibu wa maisha haukubadilika sana. Nyumba ya matofali ilitoka kwa kampuni, shule na hospitali vilitoka kwa kampuni, poso ya unga na mafuta ilitoka kwa kampuni. Watu walisema Gécamines ni baba na mama, nao walimaanisha walichosema. Mimi nilizaliwa sité ya Musonoi, katika nyumba ambayo tofauti yake na ya jirani ilikuwa namba iliyoandikwa mlangoni. Baba alifanya kazi chini ya ardhi, katika mgodi wa Kamoto.

Mwisho wa mwezi mchoraji alipita sité na baiskeli. Picha zake zilikuwa zimefungwa nyuma, mbili mbili, zikitazamana ili rangi isichubuke, maana nyingine zilikuwa bado mbichi na harufu ya mafuta ilimtangulia njiani. Alijua siku ya mshahara kuliko karani wa kampuni. Alisimama mbele ya uzio akaita, "Mama, kuya uangarie!" Mama alitoka akifuta mikono, akasema nyumba hii haina pesa ya mchezo, kisha akatazama. Picha zilishushwa na kuegemezwa ukutani, watoto wakajaa, majirani wakaja, na baraza likaanza kabla bei haijatajwa.

Kulikuwa na aina chache ambazo kila mtu alizijua. Mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, ambaye humpa mtu utajiri kwa siri na kumdai gharama yake baadaye. Lumumba akiwa amefungwa kamba. Mji wenye bomba la moshi na mlima mweusi wa takataka za tanuri. Na ile tuliyoiita Colonie Belge: mfungwa amelala kifudifudi, askari anapiga fimbo, Mzungu amesimama kando na kofia yake, wanawake wanalia. Hiyo ndiyo baba aliyoichagua. Mama alitaka mamba muntu. Wakabishana mbele ya watu, na mchoraji, ambaye aliijua kazi yake, hakusema neno.

Picha ile ilitundikwa juu ya kiti cha baba miaka yote niliyokaa pale. Mgeni akiingia, baada ya maji na salamu, macho yake yalipanda ukutani, na mazungumzo yakaanzia hapo. Mmoja alisema babu yake alipigwa hivi kwa sababu ya pamba. Mwingine alisema hapana, fimbo ya kampuni ilikuwa tofauti na fimbo ya serikali. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza habari za mgomo wa mwaka 1941, wafanyakazi waliopigwa risasi Élisabethville kwa kudai nyongeza ya mshahara. Shuleni sikufundishwa habari hiyo. Gazeti la kampuni, Mwana Shaba, lililoanza mwaka 1957 na lililoingia kila nyumba, lilituonyesha timu za mpira, bendi za tarumbeta na mama waliofuzu kushona. Mgomo ule ulikaa kwenye picha na kwenye vinywa vya wazee. Tshibumba naye aliuchora.

Kinachonigusa leo ni jinsi jambo lile lilivyokuwa la kawaida. Baba hakujiona mfadhili wa sanaa. Alikuwa na mshahara uliobaki kidogo baada ya chakula, na alitaka kitu cha ukutani kinachosema maisha aliyoyapitia. Mchoraji aliyerudi mwezi uliofuata alijua kilichouzwa na kilichokataliwa, na kwa njia hiyo sité nzima ilishika brashi pamoja naye. Leo wataalamu wana jina la jambo hilo, ushirikishwaji wa jamii. Kwetu ulifanyika penye uzio, kwa kubishana bei.

Sisemi zamani zile zilikuwa njema. Union Minière ilihesabu hata watoto wetu. Wasimamizi waliingia nyumbani kukagua usafi wa sufuria. Bendi na kumbi za starehe zilikuwepo kwa sababu mfanyakazi anayecheza ngoma ya kampuni siku ya Jumapili hagomi Jumatatu. Na mwaka 1946 Mzungu mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana yake ya Le Hangar huko Élisabethville, wakatoka humo mafundi wakubwa kama Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Samaki wa Pilipili ni kazi ya kumwinamia mtu kichwa. Ila kazi zile zilikwenda kwenye nyumba za Wazungu na Ulaya. Mimi sikuziona hadi nilipokuwa mtu mzima, tena kitabuni. Tofauti ya picha za baiskeli ni kwamba mnunuzi alikuwa mtu mweusi mwenye jasho la mgodi mwilini, na alinunua kumbukumbu yake mwenyewe.

Mambo yalianza kuharibika polepole. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970. Vita vilikuja mwaka 1977 na tena Mei 1978, Kolwezi ukajaa maiti na jina lake likasikika duniani kwa siku chache. Bado katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka, na bado baiskeli ilipita. Kisha Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 30,000. Mshahara ukachelewa mwezi, miezi, baadaye ukawa hadithi.

Katikati ya hayo yalitokea ya 1992 na 1993, ambayo Katanga bado tunayasema kwa sauti ndogo. Watu wa asili ya Kasai, waliozaliwa hapa, waliosoma nasi, waliozika wazazi wao hapa, walifukuzwa. Walilala kwenye stesheni za reli wakingoja mabehewa, na wengi walifia hapo au njiani. Tshibumba alikuwa wa asili hiyo. Fundi aliyetuuzia picha naye alikuwa wa asili hiyo, na baada ya hapo hatukumwona tena. Nikitafuta siku ambayo sanaa ya sité zetu ilikatika mguu, siitafuti kwenye bei ya shaba. Naitafuta kwenye behewa lile, na kwenye ukimya wetu tuliobaki.

Mwaka 2003 na 2004 ulikuja mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipokea malipo ya mwisho wakaenda zao. Hata kabla ya hapo, mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa amekwisha kuandika juu ya watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Baba yangu hakutumia maneno hayo. Aliuza kabati, akauza redio, na mwisho akamuuzia Colonie Belge msafiri aliyekuwa akizunguka kununua picha za zamani. Pesa ilikwenda dawa. Hakuna wa kumlaumu.

Sasa tazama Kolwezi wa leo. Tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa shaba na ya kwanza kwa kobalti, na sehemu kubwa ya vyote viwili hutoka kwetu, kati ya Fungurume na Kolwezi. Mwaka 2023 nchi ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba, yaani mara tano na zaidi ya kilele cha Gécamines. Malori yamejipanga hadi mpaka wa Kasumbalesa. Huko Kasulo, tangu mwaka 2014 mtu mmoja alipokuta kobalti chini ya nyumba yake, watu walichimba sebule zao wenyewe, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikahamishwa na kuzungushiwa ukuta. Septemba 2023 Amnesty International na shirika la hapa Kolwezi, IBGDH, walitoa ripoti iliyoeleza jinsi wakazi wanavyoondolewa ili migodi ipanuke, wakiwemo wa Cité Gécamines. Kuta zenyewe zilizotundikwa picha zetu zinabomolewa.

Na kijana anayechora leo analipwa na nani? Mchimbaji wa mikono hupata fedha, tena wakati mwingine nyingi kuliko baba alizopata, ila hupata leo na kukosa kesho, na anaishi chumba cha kupanga ambacho hajui atakaa hadi lini. Mtu wa namna hiyo hatundiki picha. Wafanyakazi wa kampuni mpya wengi wameajiriwa kupitia mawakala kwa mikataba mifupi. Kwa hiyo mchoraji hachungulii tena siku ya mshahara. Anachungulia tangazo la ruzuku.

Hapa nataka kuwa mwadilifu. Bila fedha za nje tusingekuwa na mambo mengi tunayojivunia. Picha, jumuiya iliyoanzishwa Lubumbashi na akina Sammy Baloji na Patrick Mudekereza, iliandaa tamasha lake la kwanza mwaka 2008, na tamasha hilo limekuwa Biennale ya Lubumbashi. Kituo cha sanaa Waza kimetoka kwenye mizizi hiyohiyo. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 chini ya Dibwe na Bogumil Jewsiewicki, uliwaita wananchi walete makumbusho vyombo vya nyumbani na hadithi zao, na watu walikuja. Baloji alichukua picha za kale za wafanyakazi wa Union Minière akaziweka mbele ya magofu ya Gécamines; ukisimama mbele ya kazi hiyo, kama una baba aliyefanya kazi pale, koo linakukaba. Kila yuro iliyosaidia hayo ilitumika vema.

Shida yangu ni njia inayopitishwa ruzuku kabla ya kumfikia mtu wa Manika au Dilala. Tangazo hutoka kwa Kifaransa au Kiingereza. Hudai hati za usajili wa shirika, akaunti ya benki, hesabu zilizokaguliwa, bajeti kwa yuro, na jedwali la matokeo yatakayopimwa. Jamii hutajwa katika kila ukurasa, lakini hutajwa kama mtu aliyelala anavyotajwa na madaktari waliosimama kando ya kitanda chake. Nimewahi kuwasaidia vijana wa Manika kujaza karatasi hizo. Waliulizwa mradi utawafikia wanufaika wangapi. Hakuna mahali walipoulizwa nani mtaani ameomba mchoro huo, au nani atakayeutunza.

Walipata ruzuku, si kubwa. Walichora ukuta mrefu karibu na soko: mama wauza unga, mchimbaji akitoka shimoni, treni ya 1993. Ile treni iliibuka kwenye mikutano na wazee, na ilipochorwa wanawake wawili walikaa chini mbele yake wakalia mchana kweupe, jambo ambalo kwa miaka ishirini na zaidi hakuna mchungaji wala mwanasiasa aliyetuwezesha kulifanya hadharani. Nasema hilo ili ifahamike kwamba kazi yenyewe ilikuwa kweli. Mradi ukafika tarehe yake ya mwisho, ripoti ikatumwa, sehemu ya mwisho ya fedha ikaja kwa kuchelewa. Barabara ilipopanuliwa, ukuta ukaangushwa. Hakuna aliyekuwa na kifungu cha bajeti cha kuuchora tena mahali pengine. Vijana wawili kati ya wale waliochora sasa wanachimba.

Kama sisi wakazi ndio tungekuwa tumeuagiza ukuta ule, kwa fedha yetu, tungekubali uanguke? Naamini tungepiga kelele. Baba angepiga kelele kama mtu angeingia sebuleni akashusha picha yake. Ruzuku iliwapa wakazi nafasi ya kusimulia na nafasi ya kutazama. Nafasi ya mwenye mali haikuwapa.

Si lazima fedha iwepo ndipo watu washike ukuta wao. Katika kijiji cha Makwacha, si mbali na Lubumbashi, wanawake hupaka nyumba zao michoro kwa udongo wa rangi kila kiangazi baada ya mavuno. Mvua hufuta, nao hurudia. Wageni walianza kupiga picha kazi hiyo ilipokuwa tayari ni desturi. Na upande wa pili wa nchi, huko Lusanga, wafanyakazi wa mashamba ya mawese walioungana mwaka 2014 chini ya jina CATPC waliuza sanamu zao kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani na kwa mapato hayo wakanunua tena ardhi. Mwaka 2024 walionyesha kazi zao Venice, katika banda la Uholanzi. Fedha ya Wazungu ilikuwemo tangu mwanzo, hakuna anayeficha. Ila mwisho wa hesabu kuna hekta za shamba mikononi mwa watu wa Lusanga.

Kolwezi hatuhitaji kungoja tangazo la mbali ili kuanza. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni inayochimba itoe walau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Pia inaitaka isaini nazo cahier des charges, mkataba wa miaka mitano unaoorodhesha kitakachofanywa. Tena asilimia 15 ya mrabaha wa madini huenda moja kwa moja kwenye wilaya za miji, sekta na maeneo ya machifu ambako mgodi upo. Na mrabaha wa kobalti ni asilimia 10. Hizo ni fedha zetu. Hazihitaji barua ya Kiingereza.

Najua jibu. Kwanza maji, kwanza zahanati, kwanza shule. Nakubali kwa moyo wote. Nimeona watoto wakiteka maji ambayo nisingefulia nguo. Lakini baba zetu nao walikuwa na njaa ya mwisho wa mwezi, na bado walitenga kidogo kwa ajili ya ukuta. Shule inayojengwa kwa fedha ya mgodi ina kuta nne. Kumlipa fundi wa mtaa achore ukuta mmoja hadithi iliyochaguliwa na wazazi wenyewe, na kumlipa tena baada ya miaka mitatu aje kuutengeneza, ni gharama ambayo kampuni haitaihisi. Kamati ya mtaa ndiyo ichague fundi, ibishane naye bei kwa Kiswahili, ikatae mchoro wa kwanza ikibidi. Mikataba ya namna hiyo na mafundi ikisainiwa, kazi nyingine itawafuata wachoraji bila ruzuku.

Na wafadhili wa mbali, kama kweli wanataka kusaidia, wana kazi moja ambayo sisi hatuwezi kuifanya peke yetu. Maneno ya Tshibumba kwa Kiswahili chake yamekwisha kuwekwa wazi mtandaoni, katika hifadhi ya Kiswahili cha wananchi aliyoianzisha Fabian. Picha zenyewe zinaweza kuchapwa kwa ukubwa wake na kuletwa hapa, zitundikwe Kolwezi kwenye ukumbi ambao mama wa sokoni anaingia bila kuulizwa karatasi, na maneno ya Tshibumba yasomwe kwa sauti mbele ya mama huyo.

Kwa nyinyi mnaoketi kwenye kamati za kujadili mikataba na kampuni huko Luilu, Mutshatsha, Dilala, Manika na Fungurume: cahier des charges ni ya miaka mitano, kisha hujadiliwa upya. Ikifika zamu yenu kuketi mezani na kampuni, wekeni mstari mmoja wa mchoraji.